Kilichomo Ndani ya Kontena



Sisi tuliozaliwa Kolwezi tumezoea kuona mali ikiondoka. Usiku na mchana malori hupita katika barabara iendayo Fungurume, Likasi na Lubumbashi, yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Yamebeba shaba na kobalti, na mzigo huo huvuka Zambia hadi bandari za Dar es Salaam, Durban na nyinginezo. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka katika jimbo hili la Lualaba. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu walipogundua kwamba madini yamo chini ya nyumba zao wenyewe, walichimba mashimo uani na hata ndani ya vyumba walimolala. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya mashimo hayo. Leo tungependa kutafakari safari ya kurudi. Madini yale yanapotujia tena yakiwa yamegeuka simu au kompyuta, nasi tukainunua, ni kitu gani hasa kinachokuwa chetu?

Jibu la haraka ni kwamba simu ni yetu, kwa kuwa tumeilipia na imo mfukoni. Lakini tuangalie yaliyomo. Picha za arusi na za msiba, sauti za wazee, barua za wapendwa, daftari za masomo: vingi kati ya hivyo havikai ndani ya simu. Vimewekwa katika kompyuta kubwa za makampuni ya mbali, katika nchi ambazo wengi wetu hatutazifikia, kwa masharti ambayo hatukuyasoma. Huko sisi ni wapangaji. Na mpangaji, hata akikaa miaka 20, hulala akijua kwamba mwenye nyumba ni mwingine.

Nyumba yetu iko Manika. Tunaishi humo ndugu watatu, pamoja na mama na nkambo, yaani mama yake mama. Baba alifariki mwaka 2017. Mwaka 2020 simu ya mama iliibiwa sokoni. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ndogo, na hakuna aliyeililia. Tulililia picha za baba, ambazo mama alikuwa amezipiga kwa miaka mingi na ambazo zilikuwa zikihifadhiwa mbali kwa njia ya intaneti. Tulipojaribu kuzifikia kwa simu nyingine, tuliombwa tarakimu za siri zitakazotumwa kwenye namba ya zamani. Namba ile ilikuwa imekwisha kufungwa, na baadaye ikapewa mtu mwingine. Tuliandika, tukajaza fomu, tukangoja. Hatukupata mtu wa kuzungumza naye. Uchungu wake ulikuwa wa namna ya pekee, kwa sababu picha hazikuwa zimepotea. Zilikuwepo mahali fulani, salama kabisa, na mlango ulikuwa umefungwa mbele ya mjane wa mwenye picha.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akatuma ujumbe kwa jamaa wote: kila aliye na picha ya marehemu na ailete. Zikaja moja moja. Nyingine zilitoka Likasi, nyingine Lubumbashi, moja ilitoka kwa rafiki yake wa zamani aliyehamia Ndola. Tulipozihesabu zilikuwa 43. Baba akiwa na baiskeli, baba akicheka katika ubatizo wa mtoto wa jirani, baba amesimama nyuma ya watu wengine, sura yake haionekani vizuri. Tulizipokea kama wapokeavyo watu kitu kilichookolewa motoni. Mama akasema neno moja tu: «Sasa hizi zitakaa wapi?»

Kutokana na swali hilo ndipo tulipoanza kazi tunayotaka kuwasimulia.

Yaya wetu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea mambo ya kompyuta, alipata kompyuta mpakato kuukuu, skrini yake imepasuka, betri yake ikiwa bado na uhai kidogo. Akafuta yote yaliyokuwemo, akaweka humo mfumo endeshi uitwao Debian, ambao ni mmoja wa jamaa kubwa ya mifumo ya Linux. Kompyuta ile ikawa seva, yaani mashine inayowatumikia wengine: haina anayekaa mbele yake kuandika, bali husubiri kuombwa kitu na kukitoa.

Inafaa tueleze kidogo asili ya Linux, maana historia yake ina funzo. Mnamo Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kama kazi ya kujifurahisha. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iliyoandikwa na Richard Stallman, Mmarekani ambaye tangu mwaka 1983 alikuwa akitetea wazo hili: mtumiaji wa programu awe na haki ya kuitumia apendavyo, kuisoma na kuelewa jinsi ilivyoundwa, kuibadilisha, na kumpa jirani nakala yake. Leseni hiyo ina sharti moja zito. Ukiibadilisha programu kisha ukawapa wengine, huwezi kuwanyima haki ulizopewa wewe. Ulichokipokea bure, usikifunge mikononi mwako. Maelfu ya watu wameongeza kazi yao juu ya ile ya mwanafunzi yule, na leo kiini cha Linux kimo hata ndani ya simu za Android mlizo nazo mifukoni. Nayo Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutengenezwa na watu wa kujitolea, ambao mwaka 1997 waliandika mkataba wao na jamii. Humo waliahidi, pamoja na mengine, kwamba hawatawaficha watu kasoro za kazi yao. Sisi tuliokulia mahali ambapo mikataba ya mali ya chini ya ardhi haikusomwa na wakaaji wa juu yake, tulilisoma neno hilo mara mbili.

Seva moja ilipaswa kufanya kazi kadhaa. Tulitaka Nextcloud, ambayo huhifadhi picha na nyaraka na kuzigawa kwa simu zote za nyumbani. Tulitaka Jellyfin, ambayo hucheza muziki na video, kwa ajili ya rekodi za kwaya. Tulitaka pia Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti, baada ya kuipakua mara moja na kuiweka diskini. Kila programu ina mahitaji yake. Zikiwekwa ovyo mahali pamoja hugombana: hii yataka toleo la zamani la kifaa fulani, ile yataka toleo jipya. Hapo ndipo kontena linapoingia.

Neno hilo si geni kwetu. Tunayaona makontena kila siku juu ya malori. Zamani mizigo ya meli ilipakiwa gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku, na kazi hiyo ilichukua siku nyingi. Tarehe 26 Aprili 1956 mfanyabiashara wa Marekani aliyeitwa Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Faida ya sanduku lile la chuma ilikuwa kwamba winchi haihitaji kujua kilichomo. Liwe na nguo au vipuri, hunyanyuliwa kwa namna ileile, na hutua juu ya lori lolote lililoundwa kwa vipimo vyake. Watengenezaji wa programu waliliazima wazo hilo. Programu hufungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, ili iweze kushushwa juu ya kompyuta yoyote yenye Linux na kuanza kazi.

Lakini kwa jinsi linavyofanya kazi kwa ndani, kontena la kompyuta twaweza kulielewa vizuri zaidi kwa kulifananisha na lupango. Mnajua maisha ya humo. Ndani ya ukuta mmoja huishi familia nne au tano. Bomba la maji ni moja na lango ni moja, lakini kila familia ina mlango wake na ufunguo wake na hupika bukari yake, na mtoto wa familia hii haingii chumbani mwa familia ile bila kubisha hodi. Ndivyo yalivyo makontena. Kiini cha Linux ni kimoja, nacho huwahudumia wote kama lile bomba. Ila kila programu huona chumba chake tu, faili zake tu, na inaweza kuwekewa kipimo cha kumbukumbu isichoruhusiwa kukipita. Ikianguka moja, majirani huendelea na kazi zao. Wazo la kuifungia programu katika pembe moja ya diski lilikuwepo tangu mwaka 1979 katika mfumo wa Unix. Uwezo wa kulipimia kila kundi la programu sehemu yake uliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2008. Kisha, Machi 2013, Solomon Hykes na wenzake wakaonyesha hadharani chombo chao, Docker, ambacho kilirahisisha mambo hayo hata watu wa nyumbani kama sisi wakayaweza. Mahitaji yote huandikwa katika faili moja fupi. Kisha amri moja, «docker compose up -d», huyainua makontena yote kwa pamoja.

Sasa tufikie jambo lililotufundisha kuliko mengine. Kontena limeumbwa ili liweze kutupwa. Programu ikitoka katika toleo jipya, hatulikarabati kontena la zamani. Tunalifuta na kuinua jingine kutoka katika taswira mpya, yaani kile kifurushi ambamo programu imefungwa. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hushtuka: na picha je? Jibu ni kwamba picha hazikai ndani ya kontena. Hukaa nje yake, katika sehemu ya diski iliyotengwa, na kontena huonyeshwa tu njia ya kuzifikia. Kwa hiyo mtu anayeendesha seva hulazimika kujiuliza tangu siku ya kwanza: kipi katika hivi chaweza kutupwa na kurudishwa kesho, na kipi kikipotea hakirudi? Programu hurudi, hata mashine hupatikana nyingine. Picha 43 hazirudi. Tuliligawa hivyo diski letu, na tangu hapo tumelitumia swali hilohilo kupimia mambo mengine mengi yasiyo ya kompyuta.

Kuhusu umeme, hatuna haja ya kuwaeleza ninyi. Mito yetu ina mabwawa, na nyaya za umeme zinatoka Inga hadi hapa Kolwezi, umbali wa karibu kilomita 1,700. Hata hivyo giza la jioni mnalijua. Kompyuta mpakato ina rehema moja, kwamba betri yake huishikilia kwa muda umeme unapokatika, nayo ikizimwa skrini hutumia wati kati ya 10 na 20 tu. Paneli ndogo ya jua na betri vilitosha kuimaliza shida hiyo kwa sehemu kubwa. Kuhusu intaneti, seva ya nyumbani haiihitaji ili kuwatumikia wa nyumbani. Simu zetu huifikia kwa waifai ya ruta yetu wenyewe, hata siku ambayo hakuna salio la kununulia intaneti. Mnakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilifungwa katika nchi nzima kwa takriban siku 20. Wakati huo hatukuwa na seva. Leo, kama jambo hilo lingetokea tena, hatungeweza kuwaandikia jamaa wa mbali, lakini mdogo wetu angeendelea kusoma masomo yake katika Wikipedia iliyomo diskini, na mama angeziona picha zake.

Mpaka hapa mtadhani tunasimulia ushindi. Ugumu ulikuja kutoka mahali ambapo hatukuutazamia, yaani ndani ya familia.

Seva ilikuwa imefanya kazi kwa miezi kadhaa, na kila mmoja ameweka humo vitu vyake, dada yetu alipouliza swali mezani. Alitaka kujua kama yaya anaweza kusoma alichoandika. Yaya akajibu kwa kweli. Katika Linux kuna mtumiaji mmoja mkuu aitwaye «root», yaani mzizi, na mwenye nenosiri la mzizi hufungua kila kitu. Alisema hajawahi kusoma cha mtu na hana nia hiyo. Dada yetu akasema: «Sikushuku. Lakini mmetutoa katika nyumba ya mgeni mkatuingiza katika nyumba ya yaya, na ufunguo bado hatunao.»

Hakuna aliyejibu kwa muda. Tulikuwa tumejivunia kwamba vitu vyetu vimerudi kwetu, kumbe neno «kwetu» lilikuwa na maana tofauti kwa kila aliyeketi pale. Mamlaka ya mtu mwema ni mamlaka bado. Anayetunza vitu vya wengine anaweza kuviona, kuvifuta, hata kuvitumia kumtisha mwenyewe. Na kwamba ni ndugu wa damu hakumpunguzii uwezo huo. Nkambo, ambaye hajui kompyuta na hataki kuijua, alisema kwamba zamani mwenye kushika ghala la kijiji hakulifungua peke yake. Sikuzote alikuwepo wa pili.

Tulikubaliana mambo manne. La kwanza, kila mmoja hufunga vitu vyake vya siri kwa programu inayovisimba kwa nenosiri lake mwenyewe kabla havijafika kwenye seva. Yaya huona faili zipo, lakini hawezi kusoma kilichomo. Na mwenye nenosiri akilisahau, hakuna wa kumsaidia. La pili, nenosiri la mzizi liliandikwa kwenye karatasi, likatiwa katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi zetu sote juu yake, na bahasha ikakaa katika sanduku la nkambo, kwa sababu yeye ndiye asiyekuwa na haja nalo. La tatu, kila kinachofanywa kwenye seva kiandikwe katika daftari, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, hivi kwamba mtu asiyesomea kompyuta aweze kukirudia. La nne, tusipokee kitu cha mtu wa nje kabla ya kujibu maswali matatu: ni cha nani, nani atakisoma, na nani atakifuta siku mwenyewe akitaka kifutwe.

Sharti la nne lilijaribiwa mapema. Kwaya ya parokia ilituomba tuhifadhi rekodi zake, nasi tukakubali kwa furaha, maana nyimbo zile ziliimbwa ili zisikiwe na wote. Baadaye tukaombwa tuhifadhi pia orodha ya watoto wa mafundisho, yenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Hiyo tuliikataa kwa heshima. Nyumba yetu inaweza kuingiliwa na wezi. Na hata isipoingiliwa, wazazi wale waliipa parokia majina ya watoto wao, hawakutupa sisi. Tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali inayolinda taarifa za watu; lakini hata bila sheria, jina la mtoto ni amana. Kuna kutumikia kwa kupokea, na kuna kutumikia kwa kusema kwamba mzigo huu haufai kukaa kwetu.

Mwaka 2023 yaya alipata kazi Fungurume, akahama. Wengi wanaoanzisha seva nyumbani huishia hapo: mwenye kujua akiondoka, mashine hubaki kama gari lisilo na dereva. Katika migodi yetu tumeyaona hayo kwa ukubwa wake, mtambo ukisimama kwa sababu aliyeujua amekwenda zake na hakumwachia mtu maarifa. Yaya hakuacha ila lile daftari.

Januari 2024, katika masika makali, radi ilipiga karibu. Ruta ilikufa, na kompyuta yetu kuukuu haikuwaka tena. Mdogo wetu, mwenye miaka 17, ndiye aliyekuwa nyumbani. Alifungua daftari. Humo mlikuwa mmeandikwa kwamba kila Jumamosi vitu vyote vya thamani hunakiliwa kwenye diski la pili, ambalo huchomolewa na kuwekwa kabatini. Na kwamba diski la tatu hukaa kwa shangazi Mutoshi, nalo hubadilishwa kila mwezi. Hiyo ndiyo kanuni ya 3-2-1 iliyo maarufu kwa watu wa kazi hii: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Mlikuwa mmeandikwa pia kwamba taswira za makontena zimehifadhiwa katika diski hilohilo, ili siku ya dhiki tusilazimike kuzipakua upya kwa fedha ya intaneti.

Jirani alituazima kompyuta ya zamani. Nkambo akatoa bahasha, ikafunguliwa mbele ya watu watatu. Mdogo wetu akaweka Debian, akanakili faili, akaandika amri ileile moja. Alianza baada ya chakula cha mchana; kabla ya kulala, makontena yote matatu yalikuwa yamesimama. Diski la kabatini lilitosha, na la Mutoshi halikuguswa. Tulichopoteza ni vitu vya siku nne. Mama aliifungua picha ya baba akiwa na baiskeli, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kama nyimbo za kwaya nazo zimo.

Wapendwa, tusingependa mtu amalize kusoma akidhani kwamba kila nyumba inapaswa kuwa na seva. Kuna huduma ambazo hatukuthubutu kuziendesha wenyewe. Barua pepe ni mojawapo, kwa kuwa seva ndogo ya nyumbani hushukiwa na seva kubwa, na barua zake hutupwa kama takataka. Wala hatukufungua mlango wa seva yetu kwa intaneti ya nje, maana mlango uliofunguliwa hugongwa usiku na mchana na mashine zinazotafuta udhaifu, na asiyeweza kusasisha programu zake kila mara asiufungue. Anayetaka kuanza na aanze na kidogo: kompyuta moja kuukuu, kontena moja, kwa mfano Kiwix, ambayo haihifadhi siri ya mtu yeyote na ni baraka kwa wanafunzi. Ajifunze kwanza kunakili na kurudisha, kabla ya kupokea picha ya mtu mwingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa ni tumaini tu.

Tuliyojifunza zaidi tunaweza kuyasema kwa ufupi. Picha za baba hazikurudishwa kwetu na mashine yoyote. Zilirudishwa na jamaa na marafiki, ambao kila mmoja alikuwa ametunza moja au mbili bila kujua kwamba siku moja zitatafutwa. Seva imetusaidia kuendeleza walichokianza wao. Sisi watu wa Lualaba tunasema mara nyingi, na kwa haki, kwamba mali yetu isitoke bure. Tungeongeza kwamba hata siku itakapokuwa mikononi mwetu, tutaulizwa ufunguo unashikwa na nani, daftari limeandikwa kwa lugha gani, na mdogo wetu anaweza kufanya nini sisi tukiwa hatupo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni vitu gani vya familia yako ambavyo vikipotea havirudi? Vinakaa wapi leo, na ni watu wangapi wanaoweza kuvifikia?

2. Je, kuna kazi katika kikundi chetu ambayo inajulikana na mtu mmoja tu? Tufanye nini ili ajaye aikute imeandikwa?

3. Umepewa kutunza kitu cha mwingine: fedha, siri, picha, orodha ya majina. Ni nani anayeshika ufunguo wa pili?